Ruzuku Inashukia Wapi? Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu, Mwaka 2024

Ndugu wanachama wenzangu,

Katiba yetu inamtaka mwenyekiti asimame mbele yenu mara moja kwa mwaka aeleze tulikotoka na tulipofika. Mahesabu atayasoma mhazini, mahudhurio ya vikao anayo katibu. Mimi sitayarudia, maana mwaka uliopita nilisoma kila kitu mpaka chai ikapoa na wenye watoto wadogo wakaanza kuaga. Safari hii nitagusa mambo ya mwaka kwa haraka, kisha nitakaa kwenye jambo moja ambalo lilitugawa vikao vitatu mfululizo na karibu livunje urafiki wa watu: ruzuku ya viwanda vya nguo, nani apewe, na sisi mafundi cherehani wa Morogoro tunasimama wapi.

Mwaka ulianza gizani. Mgao wa umeme ulitukuta katikati ya msimu wa sare za shule, na mnajua Januari kwetu ndiyo mavuno. Wenye cherehani za miguu walishona, wenye ovaloki na cherehani za umeme walikesha wakisubiri taa iwake. Kuna wenzetu wawili walirudisha malipo ya awali kwa wazazi kwa sababu shule zilifungua kaptula zikiwa bado hazijapigwa pindo. Februari mtambo wa kwanza wa Bwawa la Nyerere, lililoko huku huku mpakani mwa mkoa wetu na Pwani, ukaanza kutoa umeme, na hali ikatulia. Mwezi huo huo tukampoteza Mzee Ali Hassan Mwinyi, Rais wetu wa awamu ya pili, Mzee Ruksa. Namtaja kwa sababu jina lake lilirudi sana kwenye mjadala wetu, kama mtakavyosikia.

Shilingi iliteleza mbele ya dola sehemu kubwa ya mwaka. Zipu, vifungo, uzi mzuri na karibu tetroni yote, kile kitambaa cha poliesta tunachoshonea sare, hutoka nje, kwa hiyo dola ikipanda sisi tunaisikia kwenye kola. Mwishoni mwa mwaka shilingi ilipata nguvu, lakini bei za jora hazikushuka kwa kasi zilizopandia. Hilo wenye maduka wanalijua, na sisi tunajua kuwa wanalijua.

Sasa Juni. Tarehe 13 Juni Waziri wa Fedha, Dkt. Mwigulu Nchemba, alisoma bajeti bungeni. Kesho yake, tarehe 14, treni ya SGR ikaanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro. Siku kumi baadaye wafanyabiashara wa Kariakoo wakafunga maduka kwa sababu ya kodi, na mgomo ukasambaa mpaka mikoani. Ndani ya wiki mbili hizo kulikuwa na habari yetu yote. Bajeti iliongeza mwaka mmoja kwa unafuu ambao viwanda vya nguo vilipewa mwaka 2023: nguo inayotengenezwa nchini kwa pamba iliyolimwa nchini itozwe Kodi ya Ongezeko la Thamani kwa kiwango cha sifuri. Magazeti yakaandika kuwa serikali imevibeba viwanda vya ndani. Nasi tukiwa bado tunashangilia, mteja wetu wa Kihonda alipanda treni kwa shilingi 13,000, akashuka Dar, akarudi jioni na mashati sita ya Kariakoo, mapya, kila moja kwa bei ambayo mimi siwezi hata kununulia kitambaa chake. Alinionyesha kwa furaha kabisa. Nikamsifia, nifanyeje.

Kikao cha Agosti ndipo moto ulipowaka. Wazee wetu, hasa waliopita viwandani, walisema serikali iongeze ruzuku, ifufue viwanda vyote, ipige marufuku mitumba, basi. Walivitaja kwa majina kama mtu anavyotaja ndugu waliotangulia: Urafiki pale Ubungo uliojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa 1968, Mwatex ya Mwanza, Mutex ya Musoma, Kiltex, Sunguratex, Polytex na kiwanda cha maturubai hapa kwetu. Walisema Mzee Ruksa ndiye aliyefungua mlango mitumba ikaua viwanda. Kwa haki ya marehemu ilibidi niwakumbushe kwamba ruhusa ya mtu kuagiza bidhaa kwa fedha zake za kigeni ilianza kwenye bajeti ya 1984, yeye hajawa Rais wa Muungano bado. Na ilianza kwa sababu nguo hazikuwepo. Viwanda vilikuwepo, vipuri na umeme na fedha za kigeni havikuwepo. Waliokuwa watu wazima wakati ule wanakumbuka foleni ya kupata doti moja ya khanga, na suruali iliyokuwa na kiraka juu ya kiraka.

Vijana wakasema kinyume: ruzuku ni fedha za walipa kodi kuwapa matajiri, kiwanda kisichoweza kushindana kife. Kijana mmoja akatoa simu akasomea kikao kwamba hata Marekani, waliokuwa mstari wa mbele miaka ya 1980 kutuambia serikali ijitoe kwenye biashara, Agosti 2022 walipitisha sheria ya kutoa zaidi ya dola bilioni 50 kuwasaidia wenye viwanda vya chipu za kompyuta. Kumbe alikusudia kuunga mkono upande wake, ikawa ameupa upande wa pili risasi. Mzee mmoja akauliza kama Marekani nako serikali inalipia chipsi mayai. Tulicheka, kikao kikapoa kidogo.

Kundi la tatu halikusema sana, lakini nililiona usoni. Ni wenzetu wanaoishi kwa kurekebisha mitumba: kupunguza kiuno, kubana mikono, kubadili zipu, kugeuza gauni kuwa sketi mbili. Karibu na Soko Kuu la Chifu Kingalu siku ya kufungua mabelo wana foleni ya wateja kuliko mimi. Ukipiga marufuku mtumba, hao ni wanachama wetu, wanalipa ada kuliko baadhi yetu tunaojiita washonaji wa nguo mpya.

Kuhusu mitumba nitasema machache tu, kwa sababu historia yake ni fupi na chungu. Machi 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana Arusha kuiondoa hatua kwa hatua ndani ya miaka mitatu. Marekani wakatishia kuziondoa nchi zetu kwenye AGOA, ule mpango wao wa tangu mwaka 2000 wa kuingiza bidhaa za Afrika bila ushuru. Kenya ikajitoa mapema, sisi na Uganda tukarudi nyuma baadaye, Rwanda ikabaki na ushuru wake wa dola 2.50 kwa kilo, na Julai 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye unafuu huo. Anayesema marufuku ni jambo la kusaini tu karatasi aitazame Rwanda kwanza. Hata bila Marekani, mtumba ukiondoka kesho, atakayejaza nafasi ni shati la yule mteja wangu wa treni. Mimi na wewe hatuimo.

Turudi kwenye ruzuku. Mimi si adui wa ruzuku. Nimesoma kwa mshahara wa baba aliyefanya kazi katika kiwanda kimojawapo cha mji huu, na nakumbuka king'ora cha asubuhi na baiskeli zilizojaa barabarani. Lakini mji huu huu ndio darasa. Kiwanda cha Viatu Morogoro kilijengwa miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Kilikusudiwa kutoa jozi milioni 4 kwa mwaka, nyingi zikiwa za kuuza Ulaya. Hakikuwahi kufika hata asilimia 10 ya uwezo wake, na mwaka 1990 kilifungwa. Jengo lake lilikuwa na kuta za alumini lisilo na mfumo wa kupitisha hewa, katika mji ambao mnajua Novemba joto linavyokaa chini ya mlima. Fedha ilikuwepo, tena nyingi. Hakukuwa na mtu wa kuuliza kila mwaka: viatu vingapi vimetoka, nani amevivaa, na kama hakuna, kwa nini tunaendelea kulipa?

Ndiyo maana kikao cha Septemba sikutaka maneno. Niliwaomba mlete vitambaa. Wale mliokuwepo mnakumbuka: mezani tuliweka kaki mbili, moja drili ya pamba ya kiwanda cha ndani, sitakitaja, nyingine tetroni ya kutoka nje. Tulikata vipande viwili vya yadi moja moja, tukavifua mara tatu kwa sabuni ya mche, tukavianika juani, kisha katibu akavipima kwa futi mbele ya macho ya wote. Tetroni haikusogea. Pamba ilirudi nyuma inchi moja na nusu. Kwa anayevaa hiyo ni suruali iliyopanda juu ya kifundo, na kwetu ni mzazi anayerudi dukani na maneno. Halafu fundi wa Mji Mpya akaleta mabaki ya majora mawili ya drili ile ile, namba ile ile, aliyonunua kwa miezi tofauti. Tukayaweka karibu na dirisha. Moja lilielekea njano, lingine lilielekea kijani. Alishona sare hamsini, ishirini zikakataliwa.

Lakini mzee mmoja akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Alichukua kile kipande cha tetroni akakisugua kwenye goti kwa dakika nzima huku tukizungumza, kisha akakiinua. Kilikuwa kimetoa vinyweleo kama shati la mwaka wa tatu. Cha pamba alikisugua vile vile, kikabaki kilivyo. Akasema: "Hii ya kwetu ikifuliwa kabla ya kukatwa na rangi ikipikwa sawasawa, hakuna mtu atawaletea kelele." Na ni kweli. Drili ya kwetu haina ubovu ambao fundi wa rangi na mashine ya kubania kitambaa hawawezi kuumaliza. Kinachokosekana ni mtu wa kukilazimisha kiwanda kulimaliza tatizo lake kabla ya kupewa unafuu wa mwaka mwingine.

Sasa hesabu ya huo unafuu wenyewe, kwa sababu niliona wengi mnachanganya. Kodi ni asilimia 18. Kiwango cha sifuri hakifanani na msamaha. Kiwanda kilicho kwenye kiwango cha sifuri hakimtozi mnunuzi wake kodi hiyo, na ile kiliyolipa kwenye umeme, dawa za rangi na vipuri kinadai irudishwe. Kwa aliyesajiliwa ni jambo zuri. Sisi hatujasajiliwa. Kiwango cha kulazimika kujisajili kilipandishwa mwaka 2023 kutoka mauzo ya shilingi milioni 100 hadi milioni 200 kwa mwaka, na humu ndani sijui fundi anayekaribia huko, labda anafichama. Kwa hiyo kodi iliyomo kwenye zipu yangu, uzi wangu, umeme wangu na kitambaa kigumu cha kola inabaki ndani ya bei yangu, hakuna wa kumdai. Tuseme vifaa vyangu vya shati moja vinagharimu shilingi 10,000 kabla ya kodi. 1,800 juu yake nimeibeba mimi.

Na kuna la pili. Unafuu ni wa nguo ya pamba. Sare tunazoshona sehemu kubwa ni tetroni, kwa sababu shule na wazazi wanataka kitu kisichokunjamana, kinachokauka usiku mmoja. Hivyo ruzuku ile imepita juu ya vichwa vyetu kama wingu linaloelekea Uluguru: tunaliona, mvua inanyesha mlimani. Wakati huo huo pamba nyuzi yetu kutoka Simiyu, Shinyanga na Mwanza sehemu kubwa inasafirishwa nje ikiwa bado pamba, inarudi ikiwa nguo. Kila mwanasiasa anaisema sentensi hiyo. Sijasikia anayeendelea kusema kwamba kati ya pamba na nguo yupo mtu mwenye cherehani.

La tatu ndilo linaloniudhi kuliko yote, nalo ni ule mwaka mmoja mmoja. Mwaka 2023 walisema mwaka mmoja. Mwaka 2024 wakaongeza mwingine. Mwenye kiwanda akitaka kununua mashine ya kumalizia kitambaa, ile ambayo ingeondoa kurudi nyuma kwa inchi moja na nusu, anakopa kwa miaka mitano au zaidi. Nani atakopa miaka mitano kwa ahadi inayokwisha Juni 30? Atafanya ambalo mimi na wewe tungefanya: atachukua unafuu wa mwaka, aupige kwenye faida, asubiri bajeti ijayo. Kisha kila Juni viongozi wanapata jambo la kutangaza na wenye viwanda wanapata sababu ya kwenda Dodoma. Sisemi wanafanya makusudi. Nasema mpango ukiwekwa hivi, hivi ndivyo watu watakavyoishi ndani yake.

Baada ya vikao hivyo vitatu tulikubaliana, kwa kura, si kwa kupiga makofi, kumwandikia mbunge wetu na ofisi ya mkoa barua moja. Haikuomba ruzuku ifutwe. Iliomba unafuu utolewe kwa miaka mitano inayojulikana mwanzo na mwisho, na kila mwaka kiwanda kionyeshe kitambaa kilichouza ndani ya nchi kwa washonaji wadogo, kwa bei ya kiwandani iliyobandikwa getini, kwa kipimo cha jora moja moja na si kontena. Kikishindwa, kiondolewe. Iliomba pia kitambaa cha mchanganyiko wa pamba kihesabiwe, maana sare bora ya shule ni ya mchanganyiko. Wazee walitaka tuongeze marufuku ya mitumba. Hoja yao ilishindwa kwa kura nne. Nimeandika hapa ili ijulikane kuwa ilikuwa kura nne tu.

Ombi la mwisho kwenye barua lilikuwa la zabuni, na hapa lazima nikiri kosa. Kwangu mimi ruzuku iliyo bora kuliko zote ni oda. Ukinipa oda ya magauni ya hospitali na ukanilipa kwa wakati, sihitaji kusamehewa kodi. Sheria ya ununuzi wa umma inataka asilimia 30 ya ununuzi wa taasisi za serikali itengwe kwa makundi maalumu: wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Sisi karibu wote tumo humo. Mwaka huu tulijaribu zabuni ya sare kupitia NeST, mfumo mpya wa serikali wa zabuni za mtandaoni. Mimi ndiye niliyejaza, nikachagua kundi la biashara lisilo letu, zabuni ikafungwa tukiwa bado tunatafuta nywila. Ni kosa langu, halina wa kusukumiwa. Kuanzia sasa kijana wa simu ndiye atakayekuwa msimamizi wa mfumo huo, na kamati imeridhia.

Zabuni ndogo tuliyopata nje ya mfumo, kwa taasisi moja ambayo sitaitaja, tuliikabidhi Machi na tukalipwa Oktoba. Miezi saba. Wenzetu watatu walichukua mikopo ya vikundi mitaani ili kununua kitambaa cha kazi hiyo, na riba ikala faida yote. Naomba mkutano huu uwape pole rasmi, na kamati ya maadili isiwadai faini ya ada waliyochelewesha. Ile mikopo inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, iliyosimamishwa Aprili 2023, imerudi Julai mwaka huu. Vikundi viwili vyetu vimeomba, bado vinasubiri majibu.

Barua yetu kwa mbunge imejibiwa kwa mdomo: ameipokea na ataifanyia kazi. Ofisi ya mkoa wametuma mtu mmoja, kijana mwenye adabu, alikaa karakana yangu saa mbili, akaniuliza bobini ni nini, akaandika. Tusubiri.

Kabla ya uchaguzi wa kamati, lipo pendekezo moja la kupigiwa kura baada ya chai. Kamati inaomba kila mwanachama achange shilingi 30,000 kwa awamu mbili ili tununue drili ya ndani kwa pamoja, majora kumi, kabla ya msimu ujao. Kwa wingi huo tunaweza kudai yote yatoke chungu kimoja cha rangi, na tutayafua yote kabla ya kuyakata. Kisima cha jirani yangu kipo, na ameruhusu. Wanaopinga wamejiandikisha kwa katibu na watapewa nafasi ya kusema kwanza. Mfano wa kitambaa kilichofuliwa upo mezani pale nyuma, pamoja na futi. Nendeni mkapime wenyewe.

Naomba kuwasilisha.